Mizani ya Walcott

Mama mkwe alipokubali kuja Iowa kukaa nasi majira yote ya joto, alitoa sharti moja tu: hotelini halali. Kwa umri wake, alisema, hawezi kuishi kwa mikate ya kununua barabarani, wala kutawadha kwenye beseni asilojua jana limetumiwa na nani. Kama tunataka kumtembeza Marekani, basi tumtembeze akiwa na jiko lake. Mume wangu kwa mama yake hana neno la pili. Usiku uleule akaanza kutafuta trela ya kuishi.

Tunakaa Coralville, mji ulioshikana na Iowa City kandokando ya barabara kuu ya I-80. Kiswahili hapa hakikosekani. Ndugu zetu Wakongo ni wengi, na jirani yetu wa karibu kabisa ni mtu wa Bukavu anayeendesha malori ya masafa marefu. Pikapu tulikuwa nayo tayari: Ford F-250 ya mwaka 2002, milango minne, bodi fupi, injini ya dizeli ya lita 7.3. Inabeba watu sita kwa sababu mbele ina benchi, nasi ni sita tukimhesabu bibi. Mume wangu anaijua nati kwa nati. Oili hubadilisha mwenyewe uani, na watoto wameshazoea kwamba Jumamosi asubuhi baba yao hutafutwa chini ya gari kwanza, ndipo atafutwe ndani ya nyumba.

Trela za kuishi ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza huungwa kwenye mpira wa chuma nyuma ya bampa. Ya pili ina shingo: sehemu yake ya mbele imeinuliwa, inapita juu ya bodi ya pikapu, na chini ya shingo hiyo kumechomoza chuma kinene cha duara, kipenyo inchi 2, ambacho madereva hukiita kingipini. Kingipini huingia kwenye taya za sahani iliyofungwa katikati ya bodi, karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Ndivyo semi-trela za barabara ya Tanga zinavyoungwa na vichwa vyake. Glenn Curtiss, yule rubani na mtengenezaji wa ndege, alitengeneza trela za kuishi za mtindo huu miaka ya 1920. Siku hizi nyingi hutoka Elkhart, Indiana, na vitongoji vyake.

Mume wangu aliitaka ya shingo, na sababu zake zilikuwa nzuri. Mzigo ukikaa juu ya ekseli, trela haiyumbishwi na upepo kirahisi, na lori kubwa likikupita kwa kasi hulisikii likikuvuta upande. Chumba cha kulala hukaa juu, shingoni, jiko na choo chini. Bibi angelala na wajukuu wake wawili wa kike bila kusumbuliwa na mtu anayetafuta maji usiku.

Tukaipata kwa muuzaji wa trela kuukuu, ya mwaka 2008, futi 30. Tulikwenda wote. Katika trela iliyotumika adui wa kwanza ni maji, kwa hiyo mume wangu alipanda juu ya paa akapitisha vidole kwenye kila kiungo cha mpira, kwenye madirisha ya paa na kwenye pembe. Mimi nilikanyaga sakafu pembezoni, karibu na mlango na mbele ya choo, nikisikiliza kama inabonyea, kisha nikafungua kabati la chini ya sinki nikanusa. Ukuta wa nje ukivimba kama chapati inayoiva, ujue maji yameshaingia kati ya mbao na ngozi ya plastiki, na hapo huna dawa. Yetu ilikuwa nzima. Mama mkwe yeye alikwenda moja kwa moja jikoni, akawasha mafiga yote matatu, akafungua bomba, akaingia msalani akatoka, akasema, “Hapa naweza kukaa.”

Muuzaji alikuwa mtu mpole. Aliuliza swali moja kuhusu pikapu: injini gani? Aliposikia dizeli ya lita 7.3 akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema gari hilo litaivuta trela hii bila jasho. Na kuvuta, kweli linavuta. Swali ambalo halikuulizwa na mtu yeyote pale uwanjani ni gari linaweza kubeba kiasi gani. Trela ya bampa huegemeza nyuma ya gari kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Ya shingo huegemeza asilimia 15 hadi 25, na mzigo huo wote gari linaubeba mgongoni, pamoja na abiria, mafuta, sahani yenyewe ya kuungia na chochote kilichomo kwenye bodi.

Msiba wa kwanza ulitupata kabla hatujashuka garini nyumbani.

Bodi fupi ya pikapu hizi ina futi 6 na inchi 9. Ukipima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi kioo cha nyuma cha kabini, hazifiki inchi 48. Trela ina upana wa futi 8, maana yake kutoka kingipini hadi kila upande ni inchi 48. Hesabu hiyo anaiweza mtoto wa darasa la nne: gari likikata kona kali, pembe ya trela itaingia pale alipokaa abiria. Ndiyo maana kwa bodi fupi hufungwa sahani inayoteleza. Ina mpini, ukiwa barabarani sahani hukaa mbele, ukitaka kugeuza mahali pembamba unaivuta nyuma ili shingo ipate nafasi. Fundi aliyeifunga alilieleza jambo hili kwa haraka huku akipangusa mikono, kisha akaenda kwa mteja mwingine.

Uani kwetu njia ni nyembamba, na kuna sanduku la barua la jirani ambalo kila dereva hulihofia. Mume wangu alikata usukani wote ili airudishe trela kinyumenyume. Sahani ilikuwa bado mbele. Tukasikia mlio mkali mmoja, kisha kioo cha nyuma kikamwagika ndani ya gari chenga chenga, mabegani na vichwani, na mtandio wa mama mkwe ukajaa. Watoto walipiga kelele. Yeye hakusema kitu mpaka alipowagusa wajukuu wote mmoja mmoja usoni na shingoni, ndipo akasema, “Alhamdulillahi, hakuna damu,” akaanza kukung’uta mtandio wake nje ya mlango. Kioo cha nyuma cha gari hupasuka vipande vidogo visivyo na makali, tulishukuru kwa hilo.

Kioo kipya kikawekwa. Tangu siku hiyo mume wangu aliivuta sahani nyuma na kuiacha hukohuko, kwa sababu hakutaka kuona tena ile pembe ikikaribia vichwa vya wanawe. Namwelewa baba aliyefanya hivyo. Lakini nafasi ya nyuma ni ya kugeuzia uani, na siyo ya barabara kuu.

Safari ya kwanza tuliipanga kwenda Indiana Dunes, kwenye michanga ya Ziwa Michigan, maana bibi alitaka kuona kama kweli kuna ziwa lisiloonekana ng’ambo. Upakiaji ulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Trela hizi zina stoo kubwa chini ya shingo, na ni rahisi kuifikia kwa nje, basi kila kizito kiliingia humo: gunia la mchele, unga, mkaa, jenereta, viti vya kukunja, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria za pilau za watu ishirini, na kinu na mchi alivyokuja navyo mama mkwe kutoka Tanga ndani ya sanduku. Tangi la maji safi, galoni 50, lilijazwa pomoni, kwa sababu bibi hakuamini maji ya kambini. Galoni moja ya maji ina ratili 8 na kitu, kwa hiyo tangi peke yake lilikuwa na ratili zaidi ya 400. Kwenye bodi ya pikapu kulikuwa na sanduku la chuma la zana za mume wangu, ambalo halijawahi kushushwa tangu lipandishwe.

Trela ilipoungwa, mama mkwe alisimama upande wa barabara akaitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akamwambia mume wangu, “chombo chako kimekalia tezi.”

Babake alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia Pangani kwenda Unguja na Pemba. Utoto wake wote aliona vyombo vikipakiwa, na akakua akijua kwamba mzigo ukirundikwa tezi, omo hunyanyuka na chombo hakisikii usukani vizuri hata kama tanga limejaa upepo. Tulitazama anapotazama yeye. Nyuma ya pikapu ilikuwa imeshuka, mbele imeinuka, taa za mbele zikielekea kwenye matawi ya mti. Mume wangu alisema springi za pikapu zimetengenezwa kushuka zikipata mzigo, jambo ambalo ni kweli. Mama mkwe hakubishana. Alikwenda kugonga mlango wa jirani wa Bukavu.

Jirani alikuja na ndara miguuni, akazunguka gari, akachungulia chini, akabonyeza tairi kwa kiganja. “Papa,” alisema, “nguvu iko. Lakini mugongo? Tuende kwanza ku mizani.” Akatuambia tutapita Walcott, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na safari, akatufuata kwa gari lake dogo.

Msafiri wa Tanzania anaijua mizani. Aliyewahi kukaa ndani ya basi Kibaha, na baadaye Vigwaza, akingoja kupimwa ekseli moja baada ya nyingine, anajua dereva anavyotokwa jasho. Huku mizani ya namna hiyo mtu wa kawaida huenda kwa hiari yake akalipa. Walcott, kiasi cha maili 40 mashariki mwa nyumbani kwetu, ndiko ilikoanzia kampuni ya CAT Scale mwaka 1977, na ndiko kilipo kituo kikubwa cha malori cha Iowa 80. Mizani yake ni sakafu tatu za chuma zilizofuatana: ekseli ya mbele juu ya ya kwanza, ya nyuma juu ya ya pili, magurudumu ya trela juu ya ya tatu. Unabonyeza kitufe, sauti inakuuliza kampuni gani, unasema gari binafsi, unakwenda kuchukua karatasi.

Tayari barabarani tulikuwa tumepata dalili. Upepo wa Iowa hauna kilima cha kuuzuia, na kila ulipopiga, mume wangu alihisi usukani mwepesi mikononi. Hakusema, lakini nilimwona akiushika kwa mikono yote miwili, kitu ambacho hafanyi.

Tulipima msafara mzima, kisha jirani akatuonyesha mahali pa kuiacha trela, tukapima pikapu peke yake, sisi sote ndani. Karatasi ya pili ilisema ratili 7,660: mbele 4,420, nyuma 3,240. Karatasi ya kwanza, trela ikiwa imeungwa, ilisema mbele 4,280, nyuma 5,460, magurudumu ya trela 8,160.

Jirani aliziweka karatasi mbili juu ya boneti akatusomea polepole. Trela ikiungwa, pikapu inapanda kutoka 7,660 hadi 9,740. Kwa hiyo shingo imekandamiza ratili 2,080. Ongeza 8,160 zilizokaa kwenye magurudumu yake, trela nzima ni 10,240, na shingo imechukua moja ya tano kama inavyotarajiwa. Karatasi ya muuzaji ilikuwa imetaja uzito wa ratili 8,350, lakini huo ni uzito wa kiwandani, bila maji, bila gesi, bila betri ya pili, bila mchele wa mtu. Anayenunua trela kuukuu kwa namba hiyo ananunua trela ambayo hataiendesha hata siku moja.

Kisha akafungua mlango wa dereva akaonyesha kibandiko kwenye fremu. Pikapu mpya zina kibandiko cha ziada cha manjano kinachosema wazi abiria na mizigo visizidi kiasi gani. Yetu ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo hesabu unaifanya mwenyewe. Uzito wa juu wa gari na vyote lilivyobeba: ratili 8,800. Tumezidi kwa 940. Na tazama ekseli ya mbele: badala ya kubaki palepale au kuongezeka kidogo, imepungua ratili 140, kwa sababu sahani iliyovutwa nyuma ilikuwa imepita ekseli na inanyanyua pua ya gari. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. “Tezi,” alisema, na akaondoka kwenda ndani ya trela.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifunza zaidi, maana mume wangu hakushindwa kirahisi, na hoja zake hazikuwa za mchezo. Ekseli ya nyuma imeandikiwa ratili 6,084, nasi tuko 5,460. Namba hiyo ya 6,084 ni mara mbili ya 3,042, mzigo ambao tairi moja la LT235/85R16 la daraja E linaruhusiwa kubeba likijazwa upepo wa 80. Kwa hiyo matairi hayajazidiwa, wala ekseli. Uzito wa msafara wote, pikapu na trela pamoja, ni 17,900, na kitabu cha gari kinaruhusu hadi 20,000. Tena F-350 ya mwaka huohuo, yenye injini ileile na magurudumu manne vilevile, huandikiwa 9,900. Wapo watu wazima, wenye uzoefu wa miaka, wanaosema kwamba ukitimiza ekseli na matairi umetimiza yote.

Mimi nilisema hapana, na bado nasema hapana. Aliyeandika 8,800 alitazama gari lote: springi, fremu, breki, na jinsi vinavyofanya kazi pamoja gari likishuka mlima na watoto ndani. Gari hili lina zaidi ya miaka ishirini, na springi zake zimechoka kwa kazi ya watu wengine kabla yetu. Na F-350 yenyewe ingebakiwa na ratili 160 tu, uzito wa mtu mzima mmoja. Anayepakia mpaka ratili ya mwisho hana mahali pa kuweka chochote alichokisahau.

Wakati tukibishana, harufu ya pilau ilitoka ndani ya trela. Mama mkwe alikuwa ametoa sufuria moja stooni, akawasha jiko palepale kwenye maegesho ya malori, katikati ya vichwa vikubwa vinavyonguruma. Tulikula sote sita na jirani wa saba, kwenye meza ya trela. Alipomaliza kupakua alimwambia mwanawe maneno mawili tu: “Turudi nyumbani.” Hakuna aliyejibu kwa kupinga. Tukamwaga maji yote ya tangi, tukahamisha gunia la mchele na jenereta kutoka stoo ya mbele hadi sakafu ya jikoni, juu ya magurudumu, tukairudisha sahani mbele, tukaenda nyumbani pole pole kwa njia za mashambani, jirani akiwa nyuma yetu na taa zikimweka.

Usiku huo kwenye meza tulipiga hesabu iliyotuamulia. Kwa kuwa trela huweka mgongoni moja ya tano ya uzito wake, kuondoa ratili 940 kwa kupunguza mizigo sawasawa kungetaka tutoe ratili 4,700. Sisi tulikuwa tumepakia 1,890 tu. Tungetoa kila kijiko na bado pikapu ingezidiwa. Kusukuma mizigo yote nyuma ya trela kunapunguza shingo, lakini shingo ikishuka chini ya asilimia 15 trela huanza kutikisa mkia barabarani, na hilo ni baya zaidi. Mume wangu alimpigia simu muuzaji, akashauriwa kufunga mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma. Mifuko hiyo hunyanyua gari likakaa sawa, na kwa kazi hiyo ni mizuri. Lakini haiongezi hata ratili moja kwenye kibandiko cha mlango. Gari litaonekana limepona ilhali mzigo ni uleule.

Zilibaki njia mbili: kubadili pikapu au kubadili trela. Pikapu haina deni, inawaka hata asubuhi ya Januari iliyoganda, na mume wangu anaipenda. Trela tulikuwa nayo kwa muda mfupi. Ilikwenda kwa familia yenye pikapu ya tani moja, ile ya magurudumu mawili mawili nyuma, ambayo mzigo wa namna hiyo haiuhisi. Tulipata hasara kidogo ya fedha, nami siihesabu.

Ya pili ilitafutwa kwa utaratibu mwingine kabisa. Kwanza tulishusha sanduku la zana kwenye bodi. Pamoja na vilivyomo lilikuwa na ratili 240. Pikapu na sisi sote ndani ikawa 7,420, na kwa hiyo mgongo una nafasi ya 1,380. Tukasema shingo isizidi 1,200. Moja ya tano inamaanisha trela iliyopakiwa isizidi ratili 6,000. Kila trela tuliyoiona baada ya hapo iliulizwa swali hilo kabla mtu hajafungua mlango, na nyingi nzuri ziliachwa palepale. Mama mkwe aliumia kwa moja iliyokuwa na oveni kubwa.

Tuliyoichukua ni ya futi 24, pembe zake za mbele zimekatwa makusudi kwa ajili ya pikapu zenye bodi fupi. Chumba cha kulala ni kimoja, shingoni, na hicho ni cha bibi na wajukuu wa kike. Mtoto wa kiume hulala kwenye meza inayogeuka kitanda, sisi kwenye kochi. Ilipoungwa mara ya kwanza ilikaa pua juu, kwa sababu pikapu ya magurudumu manne yanayovuta iko juu na trela za zamani zilitengenezwa kwa pikapu zilizokaa chini. Trela ikikaa hivyo, ekseli yake ya nyuma hubeba kuliko ya mbele. Kisanduku cha kingipini kina matundu kadhaa ya bolti kwa ajili hiyo. Jirani na mume wangu walikihamisha tundu moja, wakahakikisha kati ya kingo za bodi na tumbo la shingo kuna inchi 6, ili trela isigonge bodi ikipita kwenye bonde.

Breki zilihitaji kazi yake. Majimbo mengi ya Marekani yanataka trela ya kuanzia ratili 3,000 iwe na breki zake yenyewe, na hizi ni za umeme: sumaku ndani ya kila gurudumu, zikiamriwa na kifaa kidogo kilichofungwa chini ya dashibodi. Pikapu za mwaka wetu hazikutoka nacho kiwandani, ila waya wake umeachwa tayari. Mume wangu alikifunga, kisha wakaenda kwenye maegesho matupu na jirani, wakawa wanaongeza nguvu kidogo kidogo mpaka trela ikishika yenyewe inalivuta gari nyuma taratibu bila matairi kusaga lami.

Tulirudi Walcott kupima kabla ya safari, kila kitu kikiwa mahali pake. Pikapu ikiwa na trela mgongoni: 8,560. Shingo imechukua 1,140, ekseli ya mbele haikupungua, na chini ya kibandiko tunabaki na nafasi ya 240.

Nafasi hiyo sasa ina msimamizi. Mama mkwe ameichukua mizani ya bafuni na kuiweka mlangoni, na hakuna kinachoingia kwenye trela kabla hakijapanda juu yake. Binti yetu mkubwa huandika kwenye daftari. Kinu kimepimwa, kikaruhusiwa, kwa sharti kwamba kikae chini ya meza, juu ya magurudumu. Sufuria za watu ishirini zimebaki nyumbani. Tangi la maji hujazwa robo tu, la kutawadhia na kunawia njiani, na sehemu iliyobaki itajazwa tukifika.

Limesalia jambo moja. Matairi ya trela yanaonekana mapya, kashata zake hazijalika, lakini tairi la trela hufa kwa umri kabla ya kufa kwa kusagika. Ubavuni tarakimu nne za mwisho zinasema 2313, yaani yametengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2013. Mapya manne, daraja E, yamefika juzi na yako kwenye gereji. Mume wangu anayafunga Jumamosi hii, na Jumatatu tunaondoka kwenda Indiana Dunes.